Siku Tisa za Homa

Niko mbele ya fomu ya viza tangu saa mbili usiku. Nimejaza jina, namba ya pasipoti, kazi (nimeandika "mwandishi", nikafuta, nikaandika tena) na jina la mama. Sasa nimefika kwenye swali ambalo fomu nyingi za aina hii huwa nalo: umewahi kukaa katika nchi yoyote kupita muda ulioruhusiwa? Ndiyo au hapana. Ukibonyeza ndiyo, kinafunguka kisanduku kidogo chenye neno moja: eleza.

Nimebonyeza ndiyo. Hapo hakuna mjadala, maana muhuri uko ndani ya pasipoti na hautoki. Kinachonikalisha macho ni kisanduku. Naweza kuandika sentensi moja, "niliugua dengue nikalazwa hospitalini", na kila neno litakuwa kweli. Nina barua ya daktari na risiti za kuthibitisha. Lakini nikiiandika hivyo na kunyamaza, nitakuwa nimedanganya. Nataka kueleza kwa nini nafikiri hivyo, kwa sababu rafiki zangu wote niliowauliza wamenicheka. "Si uliugua kweli? Sasa tatizo liko wapi?"

Tatizo liko kwenye hesabu.

Nilikwenda Thailand kwa viza ya utalii ya siku 60. Binamu yangu anafundisha Kiingereza Chiang Mai, na mimi nilikuwa nimeweka akiba ya miaka miwili. Niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo, na tangu hapo nimekuwa nikiishi kwa kuandika: makala zangu mchana, na usiku insha za wanafunzi wa ng'ambo wanaolipa ili mtu mwingine awafikirie. Najua hiyo nayo ni kesi ya kimaadili. Itangoje siku yake.

Siku ya 54 niliamka na maumivu nyuma ya macho, kama mtu anayasukuma kutoka ndani. Kufikia jioni viungo vyote vilikuwa vimekataa kazi. Siku ya 56 nililazwa. Wazee wetu wa pwani waliuita ugonjwa huo kidinga popo, na wapo wataalamu wa lugha wanaoamini kwamba jina dengue lenyewe lilitoka kwenye Kiswahili, likavuka bahari hadi visiwa vya Karibi, likarudi likiwa na lafudhi ya Kihispania. Mombasa iliupata mlipuko wake mwaka 2013. Yaani nilipanda ndege mbili kwenda kuugua kitu ambacho ningeweza kuugulia Kongowea.

Dengue haina dawa ya kuiua. Unapewa maji, unapewa panadol, unakatazwa aspirini na dawa nyingine za maumivu zinazoweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu, na kila siku wanapima chembe zinazogandisha damu waone zimeshuka kiasi gani. Siku homa iliposhuka nilimwambia nesi nimepona. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba homa ikishuka ndipo hatari yenyewe inapoanza kuangaliwa, kwa hiyo nisiinuke peke yangu hata kwenda chooni.

Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa ya siku ya 58. Ndege iliondoka nikiwa nimelala. Viza iliisha siku ya 60, nikiwa bado nimelala. Nilitoka hospitalini siku ya 62, na barua ya daktari ilisema nipumzike, nisisafiri, mpaka siku ya 69. Niliondoka Thailand siku ya 79. Nilizidisha siku 19.

Katika hizo 19, tisa ni za homa. Zilizobaki ni kumi, na kila mtu ninayemsimulia hadithi hii huziweka zote kwenye mkokoteni mmoja na kuusukuma kwa jina la ugonjwa. Mimi pia nilifanya hivyo kwa muda mrefu.

Katika insha nilizoandikia watu kwa malipo, Aristotle nimemwandika mara nyingi kuliko ndugu zangu. Katika kitabu chake cha maadili, sehemu ya tatu, anauliza swali ambalo mahakama zote bado zinaliuliza: ni matendo gani mtu anapaswa kulaumiwa kwayo, na yapi tunapaswa kumhurumia? Anatoa mfano wa nahodha anayetupa shehena baharini wakati wa dhoruba. Hakuna mtu anayetupa mali baharini kwa kupenda. Lakini mkono uliotupa ni wa nahodha mwenyewe, na angeweza kutotupa. Kitendo hicho kimechanganyika: mazingira yamelazimisha, na bado mtu amechagua. Aristotle hamlaumu nahodha. Anasema mwenye akili yeyote angefanya vilevile.

Siku zangu tisa hazifiki hata kwa nahodha. Mtu aliye kitandani na sindano ya maji mkononi hachagui chochote. Lakini Aristotle ana mfano mwingine, na huo ndio unaoniwinda. Anamtaja mtu aliyeugua kwa sababu hakuwasikiliza madaktari. Sasa hivi, anasema, hawezi kupona kwa kutaka tu. Kulikuwa na wakati angeweza kutougua, akauachilia. Ni kama jiwe: likishatoka mkononi huwezi kulirudisha, lakini kulitupa kulikuwa juu yako.

Jiwe langu nililitupa siku ya 57, saa nne asubuhi.

Hospitali ile ilikuwa na dawati la kuhudumia wageni. Alikuja dada mmoja na faili, akaniuliza kwa Kiingereza cha upole: viza yako inaisha lini? Akaeleza kwamba kama imekaribia, daktari anaweza kuandika barua, mtu wangu aipeleke uhamiaji kabla muda haujaisha, tuulize kuhusu kuongezewa muda kwa sababu ya matibabu. Ada ya kuongezewa ni baht 1,900, kama shilingi elfu saba hivi. Binamu yangu angeweza kwenda kuulizia. Dada alikuwa na kalamu tayari.

Nikamwambia: "Bado sana."

Zilibaki siku tatu. Nilikuwa na homa, ndiyo, lakini akili ilikuwepo. Nilijua tarehe. Nilisema bado sana kwa sababu ya kitu kilichonitangulia kitandani pale, na nimejaribu kukipa jina tangu siku hiyo. Si uvivu. Ni mazoea ya mtu aliyekulia mahali ambapo kwenda ofisini mwenyewe kusema "nina shida na karatasi zangu" ni kama kujipeleka machinjioni. Nimekua nikijua kwamba askari akikusimamisha, unatabasamu na kutafuta noti. Nimekua nikijua kwamba ukipoteza kitambulisho, unakaa kimya mpaka utakapokihitaji kabisa. Serikali haijakuona? Shukuru Mungu, usikohoe.

Ningeweza kuishia hapo na kuilaumu nchi yangu kwa kunilea hivyo. Wako watu wangepiga makofi. Lakini dada aliyesimama mbele yangu hakuwa askari wa barabara ya Thika. Alikuwa mtu mwenye faili, ameniuliza swali moja wazi, na mlango ulikuwa umefunguliwa. Hofu yangu ina historia, na historia hiyo inaeleza mengi. Jibu bado nilitoa mimi.

Nyanya yangu aliishi Voi, karibu na barabara kuu. Nilipokuwa mdogo, tanboi wa lori moja alishushwa hapo akiwa anatetemeka kwa malaria, na lori likaendelea na safari. Alikaa kwa nyanya wiki sita. Sote tunaijua methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yule hakupewa jembe hata mwezi ulipoisha, na sikumbuki mtu yeyote akihesabu. Kitu ninachokumbuka ni kwamba asubuhi ya siku ya pili nyanya alijifunga leso, akaenda kwa mzee wa mtaa kumwambia: nina mgeni, ni mgonjwa, simjui kwao, ataondoka akipona. Alimaliza kwa dakika tano, akarudi kupika uji.

Nikiwa mtoto niliona ni adabu tu. Sasa naona nyanya alikuwa amepanga jambo. Ugeni wa wiki sita bila habari ungemtia wasiwasi jirani, nani yule, kwa nini anajificha. Ugeni uleule ukishatangazwa ukawa mzigo wa mtaa mzima, na watu wakaanza kuleta mayai.

Immanuel Kant aliandika kitu kinachokaribiana na hicho mwaka 1795, katika kijitabu chake kuhusu amani ya kudumu. Alisema mgeni anayefika nchi ya watu ana haki ya kutofanywa adui. Hana haki ya kukaa anavyotaka, na wenyeji wanaweza kumkataa, ila kwa sharti moja: iwe kumkataa hakutamwangamiza. Mimi naelewa kwamba mgonjwa anaingia hapo. Sheria isiyo na mlango wa mgonjwa ni sheria mbovu, hata kama imeandikwa vizuri. Thailand wanao huo mlango, nao unataka jambo moja kutoka kwako: useme mapema, au mtu akusemee.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Ugonjwa unasamehe kukaa. Hausamehi kunyamaza, isipokuwa kwa yule ambaye mdomo wake kweli umefungwa: aliyezimia, asiye na mtu, asiyejua lugha, ambaye hakuna aliyekuja na faili kumuuliza. Mimi niliulizwa.

Lakini hata hapo bado sijafika mwisho wa siku kumi.

Nilipotoka hospitalini sikuwa na pesa. Bili ilikuwa imemeza akiba. Mama akafungua kundi la WhatsApp la familia, na shangazi, wajomba na watu wa kanisa wakachanga kwa M-Pesa. Waliambiwa nimelazwa ughaibuni, hawakuambiwa habari ya viza. Pesa zilitimia siku ya 71. Siku ya 73 kulikuwa na ndege. Mpaka hapo, siku nne, naomba nizihesabu kama za umaskini. Nahodha angenielewa.

Tiketi ya siku ya 73 ilikuwa ghali. Ya siku ya 79 ilikuwa nafuu kwa shilingi elfu kumi na tano. Nikachukua kalamu. Faini ya kuzidisha muda Thailand ni baht 500 kwa siku, na haivuki 20,000 hata ukae vipi. Siku sita ni baht 3,000, kama shilingi elfu kumi na moja. Kumi na tano toa kumi na moja. Nikaona nabaki na elfu nne, na wiki nyingine ya kula maembe kwa binamu.

Nikanunua ya siku ya 79.

Mwaka 2000 wanauchumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichapisha utafiti juu ya vituo vya kulelea watoto huko Haifa, Israeli. Wazazi walikuwa wakichelewa kuchukua watoto, kwa hiyo baadhi ya vituo vikaanza kutoza faini ndogo. Wazazi wakazidi kuchelewa. Kabla ya faini, kuchelewa kulikuwa kumkosea mwalimu anayekungoja. Baada ya faini kukawa na bei, na mtu akishalipa bei anaona hana deni. Faini ilipoondolewa, mazoea hayakurudi yalipokuwa.

Siku zile sita nilikuwa mzazi wa Haifa. Nilikuwa mzima, natembea, na tiketi ya mapema ningeweza kuilipia. Niliitazama sheria ya nchi iliyonitibu nikaona ni bei ya chumba. Na ndani ya siku hizo hizo, siku ya 75, nilirudi kupimwa damu nikamuuliza daktari kama anaweza kuongeza barua, iseme nilihitaji kupumzika mpaka siku ya 79.

Hakukasirika. Alisema anaweza kuandika kile anachokijua, kwamba mgonjwa wa dengue anaweza kuhisi uchovu kwa wiki kadhaa baada ya homa. Akaandika, akatia sahihi. Sentensi ile ni kweli tupu. Nilikuwa nachoka nikipanda ngazi. Lakini mimi nilijua naipeleka kufanya kazi gani, na tangu siku hiyo nimeacha kuamini kwamba kusema kweli ni kutumia sentensi za kweli. Unaweza kujenga uongo mzima kwa matofali halali.

Uwanja wa ndege Bangkok, afisa alitazama pasipoti, akatazama kompyuta, akanielekeza kwenye dawati la pembeni. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya hotuba. Niliweka mezani barua zote mbili, risiti, hata kile kikaratasi cha vipimo vya damu. Bwana yule akavisogeza kando kwa mgongo wa mkono ili apate nafasi ya kuandika. Akahesabu kwa kidole kwenye kalenda. Kumi na tisa. Akaandika 9,500. Nikalipa kama shilingi 35,000, nikapewa risiti, muhuri ukagongwa, nikaenda zangu. Haikufika dakika kumi na tano.

Nilikaa kwenye viti vya plastiki nikiwa na hasira. Siku tisa za dripu zimelipiwa bei moja na siku sita za maembe! Hakuna aliyetaka kujua. Baadaye kidogo ndipo nikaelewa kwamba nilikasirika kwa sababu nilitaka kuondoka Thailand nikiwa nimesafishwa. Nilitaka mtu mwenye sare asome karatasi na kusema, pole, huna kosa. Yeye alitaka pesa na tarehe tu, kwa hiyo kazi ya kutenganisha siku na siku ikabaki kwangu.

Na kusema kweli sheria ile inatenganisha kitu kimoja. Tangu Machi 2016, aliyezidisha chini ya siku 90 akajitokeza mwenyewe uwanjani hulipa faini na kuondoka, hafungiwi kurudi. Aliyekamatwa njiani, hata awe amezidisha siku zilezile 19, anaweza kufungiwa miaka 5. Siku ni zilezile, tofauti ni nani aliyesema kwanza. Nyanya yangu angeielewa sheria hiyo bila kufafanuliwa.

Nilirudi Nairobi. Mtaani kwetu kuna kijana wa Burundi anayeuza njugu na kahawa jioni, anabeba birika lake la makaa. Raia wa Afrika Mashariki hupewa miezi sita ya kukaa hapa kama mgeni, na kabla ya safari yangu alishawahi kuniambia kwamba yake imepita, alikuwa mgonjwa wa kifua, hakufika ofisini. Nakumbuka nilichomjibu huku nikipokea njugu zangu: "Si ungeenda tu uwaambie?" Nilisema kwa wepesi wa mtu aliye kwao. Sheria yetu ya uhamiaji ya mwaka 2011 inaweza kumtoza faini mpaka shilingi 500,000, au kifungo mpaka miaka 3, au vyote viwili. Nami nilikuwa nimelala kwenye kitanda safi, mtu amekuja mpaka mtoni, ameniuliza kwa upole, na bado sikuweza "kuwaambia tu".

Simwoni sasa kama asiye na kosa. Ninachoona ni kwamba nilipohesabu siku zake nilihesabu kama yule afisa wa Bangkok, na nilipofika kwenye zangu nikataka msamaha wa daktari. Jana nilimuuliza kifua kinaendeleaje. Akasema ni afadhali. Nikamwambia nikiwa na nafasi nitamsindikiza kule ofisini, tusikie wanasemaje. Alinitazama kwa muda, akafunga njugu, akasema tutaona. Sikumlaumu. Bado sana, nilisikia.

Sasa ni saa saba usiku. Kisanduku kinaruhusu mistari michache. Nimeandika hivi: "Nilizidisha siku 19 Thailand. Nililazwa kwa dengue viza ilipoisha, na siku tisa zilikuwa za ugonjwa. Siku nne nilikuwa nasubiri nauli. Siku sita nilibaki kwa sababu tiketi ilikuwa nafuu. Nililipa faini yote, na sikuomba kuongezewa muda ingawa nilishauriwa."

Binamu yangu, nilipomsomea kwa simu, alinyamaza kisha akasema, "We, unataka kwenda au hutaki?"

Nataka kwenda. Nataka sana. Ile sentensi ya siku sita nimeifuta mara mbili na kuirudisha mara mbili, na mshale uko juu ya kitufe cha kutuma.